Maneno Yangu Kwenye Tovuti ya Kampuni

9 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Najua utacheka, maana umenizidi miaka michache tu na sahani tulikula moja, lakini leo naandika barua pepe ndefu, sio ujumbe wa simu, kwa hiyo nakuamkia kwa heshima zote. Nikikupigia unaniambia uko kwenye kikao. Hii utaisoma ukiwa umekaa.

Nyumbani sote wazima. Bibi goti linamsumbua kukiwa na baridi ila mdomo haujambo kabisa. Jana alimwambia mume wangu kwamba fundi wa majokofu ambaye jokofu la kwake linavuja anatia ukoo aibu. Mume wangu akacheka, akachukua bisibisi. Bonge ameota jino la chini, na tangu liote hakuna kinachopona: kidole changu, kona ya godoro, waya wa chaja. Bibi anasema amekurithi wewe Kitinda wake, mziwanda wa nyumba, eti ulitafuna mpaka viatu vya wageni.

Sasa lile uliloniomba. Umesema idara yako inakusanya uzoefu wa watu wanaotumia Linux ya kampuni yenu, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwenye seva zao, na niandike ya moyoni bila kuogopa. Mjomba, nimefurahi hadi nikamsomea mume wangu. Mimi niliyeacha shule njiani, nikaingia hapa kliniki kuandikisha kadi za wajawazito, leo kampuni kubwa inauliza naonaje! Na aliyenifikisha hapa ni wewe. Ulikaa kwenye simu jioni baada ya jioni ukinitajia amri herufi kwa herufi, nami naandika kwa kidole kimoja, mkono mwingine umeshika tumbo. Kwa hiyo nitakuandikia kama ninavyozungumza.

Mazuri kwanza. Mashine zenyewe hapa hatuna, tunazikodi kwenu, na Bibi bado haamini kwamba kadi za wajawazito wote hawa zinakaa mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu amewahi kupaona. Aliniuliza ziko wapi, nikamwambia ziko kwa Mjomba. Akasema, "Ndiyo maana haoi, chumba kimejaa."

Linux yenu naipenda. Ni nyepesi. Nikiiwasha seva, kabla sijamaliza kumbadilisha Bonge nepi imeshaamka. Viraka vya usalama, yale marekebisho ya kuziba mianya, inajiwekea bila kuzimwa, na hilo kwetu ni jambo kubwa, kwa sababu uchungu hauna ratiba. Seva ikizimwa, nesi anabaki na mama anayelia na kadi yake haioni. Tangu tuwe na mfumo wenu hakuna nesi aliyenijia juu kwamba mashine imelala.

Sasa upande wa pili. Mmetangaza kwamba toleo tulilo nalo mtaacha kulihudumia mwezi wa saba. Na toleo jipya haliwekwi juu ya la zamani, inabidi kujenga seva mpya kando na kuhamisha kila kitu. Sawa, nikajenga mashine ya majaribio yenye kadi za kubuni, toleo la zamani na jipya kwa pamoja, seva yetu ya kweli sikuigusa. Kwenye hiyo mashine ya majaribio nilihama asubuhi, mchana nikaizima ile ya zamani, na kila kitu kikaenda laini, lakini picha za ultrasaundi hazifunguki. Programu ya kuzifungua sio yenu, imetengenezwa na watu wengine, na inategemea pakiti moja, kipande cha programu, ambayo kwenye ghala lenu la kupakulia la toleo la zamani ilikuwepo na kwenye ghala la jipya haipo. Nimepekua hadi nimechoka. Nimeuliza kwenye jukwaa la watumiaji, kumbe tuko wengi. Mmoja programu yake ya kuhifadhi nakala imegoma, mwingine analalamika kwamba kila maelekezo anayoyapata mtandaoni ni ya Linux za watu wengine, akiyafuata kwenye ya kwenu anaambiwa kitu hicho hakipo.

Mjomba, hiyo pakiti mtaiweka? Nijibu hilo tu, mengine yatasubiri. Picha kwetu sio pambo. Daktari wa picha anakuja mara moja kwa wiki, anapiga, anaandika maelezo humohumo kwenye picha, anaondoka. Siku ya kujifungua ikifika, nesi anazifungua aone mtoto amekaaje na kondo la nyuma liko wapi.

Maneno yangu yatumie utakavyo. Ni yako.

Mpwa wako,
Mama Bonge


2 Machi

Mama Bonge, injinia wa ukoo,

Marahaba, na usinizeeshe! Mimi mzima, kazi tu ndiyo inanila. Huku nimehamishiwa ofisi ya ghorofani, kiti kinazunguka na dirisha halifunguki. Mwambie mama goti alikande kwa maji ya moto, na aache kunisingizia viatu, vile vilikuwa vibovu tangu zamani. Mwambie pia kwamba kuoa kupo, ila nataka kwanza nisimame vizuri.

Mpwa wangu, unaandika! Barua yako nimemsomea bosi wangu kwa sauti. Ile ya nepi alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, "Huyu ndiye tuliyekuwa tunamtafuta. Wote wanatuletea maneno ya vitabuni, huyu anaongea kama mtu." Nilijisikia kama nimekuzaa mimi.

Tunatengeneza ukurasa mpya wa tovuti, wa watumiaji wetu wenyewe wakieleza uzoefu wao. Wewe utakuwa juu kabisa. Nitumie picha yako ukiwa kazini, na Bonge umempakata kama inawezekana. Watu wanapenda kuona maisha ya kweli.

Mambo ya ufundi tutayazungumza. Mbusu huyo panya wa chaja.

Mjomba wako


14 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Picha hiyo hapo. Alitupiga dada wa maabara. Bonge hakutaka kutazama mbele, anatazama kibodi, ameishika kama yake. Nilivaa ile blauzi ya bluu uliyoninunulia nilipojifungua. Nilipovaa kanga ya kubebea mtoto nesi mmoja akasema, "Vua hiyo, unakwenda kwenye tovuti sio sokoni," mwingine akamjibu, "Aiache, hao si wanataka maisha ya kweli?" Basi nikaiacha.

Bibi amepona homa. Sikukwambia kwamba aliugua, alinikataza. Alisema utaacha kazi uje. Mume wangu amepata kazi ya kutunza majokofu ya chanjo kwenye kliniki zote mbili, hii yetu na ile ya ng'ambo ya mto, kwa hiyo siku hizi tunaondoka pamoja na kurudi pamoja, na mtoto katikati.

Ng'ambo ndiko aliko Mkunga Mkuu, yule aliyenizalisha. Nilikusimulia kwamba Bonge alitoka amejiviringisha kitovu shingoni, naye hakupaza sauti hata kidogo, aliniambia tu, "Nitazame mimi, mwanangu, usitazame huko." Nami nikamtazama. Tangu siku hiyo namwita Mama. Kliniki yake nayo iko kwenye Linux yenu, toleo la zamani kama letu, na ana fundi kijana anayetunza mashine. Wiki iliyopita aliniuliza wahame au wasihame. Nikamwambia, "Mama, subiri kwanza. Picha hazifunguki. Nimemuuliza mjomba wangu, yuko ndani kulekule, atanijibu." Akasema basi anasubiri neno langu.

Sasa ndiyo nakuuliza tena, Mjomba. Ile pakiti inakuja? Ukisema haiji, nitatafuta njia nyingine mapema, muda bado upo. Ukisema inakuja, nitakaa nisubiri. Lolote utakalosema ni sawa kwangu, ila sema.

Mpwa wako,
Mama Bonge


19 Aprili

Mpwa,

Samahani kwa kimya, hapa ni mbio juu ya mbio. Habari njema kwanza, na umsomee mama kwa sauti: nimepewa ukuu wa idara. Uzoefu wa watumiaji wote sasa uko chini yangu. Bosi alisema ukurasa wetu ndio uliofanya watu waanze kuhama kwa wingi. Uko karibu kufunguliwa kwa watu wote, ila wakubwa wameshauona, na wateja tuliowaonyesha kwa majaribio wamehama. Kwa hiyo na wewe una mkono wako katika hili, jisikie fahari.

Kuhusu kuhama, usiwe mwoga. Hama tu. Mambo yote yatakaa sawa kufikia mwezi wa saba. Kampuni hii haiwezi kuwaacha watumiaji wake njiani.

Mama anaendeleaje? Na Bonge anasimama?

Mjomba


27 Aprili

Mjomba, hongera sana!

Bibi alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Akamjibu, "Hakuna anayeolewa, Kitinda wangu amekuwa mkubwa wa watu." Amekuombea dua ndefu, wewe na ofisi yako na hicho kiti kinachozunguka. Bonge anasimama akishika meza, akiachia anakaa kwa matako na kupiga makofi mwenyewe.

Nimefurahi umeniambia yatakaa sawa. Nilijenga tena mashine ya majaribio nione kama pakiti imeshafika, bado haijafika. Seva yetu yenyewe sijaigusa, na ng'ambo nao bado wanasubiri. Nikawaambia kampuni imesema itakuwa sawa mwezi wa saba, basi tuvute subira. Kila Jumatatu nikifika kazini kitu cha kwanza ni kutazama kwenye ghala lenu. Wenzangu wananicheka, wanasema nachungulia kama mtu anayesubiri barua ya mchumba.

Siogopi, Mjomba. Natazama tu.

Mama Bonge


30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Bibi mzima. Bonge mzima. Mume wangu mzima.

Wiki iliyopita Mkunga Mkuu alikuja kliniki kwetu. Hajawahi kuja bila kusema. Nilikuwa namnyonyesha Bonge nyuma ya meza yangu ya kompyuta, nikasimama naye hivyohivyo nimsalimie. Hakuitikia. Akanyoosha simu yake mbele ya uso wangu.

"Huyu ni nani?"

Nikatazama. Blauzi ya bluu, kanga, Bonge ameshika kibodi.

"Ni mimi, Mama."

"Soma."

Nikasoma. Ya nepi ipo. Ya viraka ipo. Chini yake, kwa herufi kubwa: "Nilihama asubuhi, mchana nikaizima ile ya zamani, na kila kitu kikaenda laini." Halafu nukta. Halafu: "Mama na mtunza seva, kliniki ya uzazi."

Mjomba, mimi pale sikuweka nukta. Niliweka mkato, nikaandika lakini. Na mwanzo wa sentensi niliandika mashine ya majaribio, si mara moja. Mmeichomoa. Maneno yote yaliyobaki ni yangu, hakuna hata moja mlilotunga, na ukiyasoma yalivyopangwa mimi ni mwongo.

"Uliniambia nisubiri," Mkunga akasema. "Nikasubiri. Fundi wangu akaniletea hii, akasema mbona mwenzetu ameshahama na hata hakutuambia? Nikamwambia huyo ni mwanangu, kama amehama basi kumekuwa salama, pengine mjomba wake amemtengenezea na yeye amesahau kutuambia kwa shughuli za mtoto. Nikakutetea! Tukafanya kama ulivyofanya. Asubuhi tukahama, mchana tukaifuta ya zamani."

"Mmeifuta, Mama? Hamkuizima tu?"

"Wewe ulibakiza?"

Ya kwangu ipo, inafanya kazi, sijahama kabisa.

Akaketi. Nilidhani amekasirika kwa sababu ya picha kutofunguka, kumbe hilo walilijua siku ileile na fundi wake alikuwa anahangaika nalo. Aliyemleta kwangu ni mama mmoja, mimba ya kwanza. Alipigwa picha na daktari akaandika kwamba kondo limekaa chini, limeziba njia, azae kwa upasuaji, asipimwe njia kwa vidole. Uchungu ukamshika kabla ya tarehe. Alipofika mapokezi hakusema lolote kuhusu upasuaji, kwa sababu alidhani nesi anaona yote kwenye kompyuta, na sisi ndio tuliowazoesha hivyo. Nesi akafungua kadi, picha na maelezo yake havikufunguka. Akampima kama anavyowapima wengine. Damu ikaja, Mjomba. Nitaishia hapo, wewe hujazaa, hutaelewa.

Walimkimbiza hospitali kubwa. Mtoto yuko hai. Mama yuko hai. Kizazi kimeondolewa.

"Yule nesi anajilaumu," Mkunga akasema. "Fundi wangu anajilaumu. Mimi najilaumu. Nikasema nije nimwone na mwanangu, kama na yeye amo." Akamtazama Bonge, akainuka, akaondoka. Bonge alimpungia mkono. Siku nyingine zote humpungia na yeye.

Nililia kwanza. Halafu nikafanya kazi. Niliandika kwenye huduma ya wateja ya kampuni yenu, sio kwako, kama mteja yeyote, nikauliza pakiti ile inakuja lini. Akanijibu fundi wenu mmoja muungwana sana. Alisema haiji. Haikuwa inakuja. Iliamuliwa mwaka jana, na idara zote zinazoongea na wateja ziliarifiwa Januari, na anashangaa kwamba sikuambiwa.

Barua yangu ya kwanza kwako ilikuwa ya Februari.

Nilikuuliza hiyo Februari, nikakuuliza tena Machi. Nilikwambia lolote utakalosema ni sawa. Ukanivisha kilemba cha ukoka, ukaniita injinia wa ukoo, ukaomba picha ya mtoto. Aprili ukaniambia nihame. Mimi, Mjomba! Ulitaka na mimi nihame, na wajawazito wangu wote, huku unajua.

Nataka vitu viwili. Ukurasa ule urudishiwe maneno yangu yote au uondolewe. Na unijibu kuhusu Januari.

Mama Bonge


12 Juni

Mpwa wangu mpendwa sana,

Natumai barua hii inakukuta salama wewe, baba Bonge, na mama yangu mpenzi. Goti lake vipi? Bonge sasa si anatembea? Nimemnunulia gari kubwa la kukalia, lina honi, utanichukia.

Nimesikitika sana kwa habari ya yule mama. Tumshukuru Mungu wote wawili wako hai. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na naelewa uchungu wako kama mzazi.

Ila tuyaangalie mambo kwa utulivu. Mimi sikukata neno lako hata moja. Niliyakabidhi kwa wahariri, na wahariri wanapunguza kwa sababu nafasi ya ukurasa ni ndogo, ndivyo kazi hii ilivyo duniani kote. Na hakuna mahali palipoandikwa mtu afute seva yake. Fundi yeyote aliyesoma anajua kwamba hufuti ya zamani kabla hujahakikisha ya mpya. Huo ni uzembe wa yule kijana, na si haki uubebe wewe wala niubebe mimi. Tena usisahau kwamba mfumo wenyewe ni mzuri, wewe mwenyewe umesema hujawahi kupigiwa kelele.

Nimeshaongea kuhusu picha ya mtoto. Inashughulikiwa.

Nakuomba kitu kimoja, kama mjomba wako. Nimesikia kwa watu wa huduma ya wateja kwamba unataka kuandika kwenye jukwaa la watumiaji. Usifanye hivyo, mpwa. Watu watajua wewe ni ndugu yangu, na mimi ndiyo kwanza nimekalia kiti hiki. Mambo ya ukoo yanamalizwa nyumbani. Nitakuja mwisho wa mwezi, tutakaa, tutaongea, tutacheka kama zamani. Na mama usimwambie, ana presha.

Akupendaye,
Mjomba wako


21 Juni

Mjomba,

Bibi mzima. Hilo nakuandikia kwanza kwa sababu ni mama yako, una haki ya kulijua. Goti limepungua.

Nimeisoma barua yako yote nikitafuta Januari. Haimo.

Umesema inashughulikiwa. Leo asubuhi nimefungua ukurasa, bado nipo, bado Bonge ameshika kibodi, bado kuna nukta. Kwa hiyo nimeshaandika kwenye jukwaa, tangu juzi. Nimeweka ile barua yangu ya Februari ilivyo, ya nepi na ya viraka na ya picha, mazuri na mabaya, nikaongeza yaliyotokea ng'ambo bila kumtaja mtu. Nimeandika kwamba wenye programu zisizo za kampuni wasihame kwa sababu ya uso wangu. Jina lako sikuliandika, wala cheo chako. Ukiniuliza kwa nini, sijui. Vidole vilikataa.

Wameshajibu watu wengi. Mmoja anatunza seva za shule, alikuwa ahame kesho yake. Mwingine ameniandikia kwamba mfumo ni mzuri na mimi ndiye sijui kazi. Nikamjibu kwamba ni kweli mfumo ni mzuri, na kazi bado najifunza.

Seva zetu nimezihamisha, na za ng'ambo pia, mimi na yule fundi kijana uliyemwita mzembe. Tumeweka Linux nyingine, ya kila mtu, ambayo ukiichoka kampuni moja unaibeba unakwenda nayo kwingine. Inaamka polepole. Viraka vingine lazima niizime ndipo nivipachike, kwa hiyo nawaambia manesi mapema na tunachapisha kadi za waliokaribia kabla sijazima. Picha zinafunguka. Ya kwanza ilipofunguka yule kijana aliweka kichwa mezani akalala palepale, na Bonge akamvuta nywele.

Nilikwenda kwenye kikao cha wauguzi wa kliniki zote mbili. Hakuna aliyeniita. Nilisimama nikawaeleza niliandika nini, kilikatwa wapi, na kwamba niliyempa maneno yangu ni ndugu yangu na nilimwambia ayatumie atakavyo. Katikati nesi mmoja akanisogezea maji. Mkunga Mkuu alikaa mwisho kabisa. Nilipomaliza alisema, "Nimekusikia." Basi. Sikumwita Mama, na yeye hakuniita mwanangu. Labda baadaye. Mimi ni mtu wa kutumaini, unanijua.

Yule mama alikuja kliniki ya ng'ambo nikiwa huko, Mjomba. Alikuja kupimwa uzito, yeye na mtoto. Ni wa kike, ana nywele nyingi kama kofia. Alikuwa anatembea taratibu ameshika ukuta, na ilibidi avue viatu kupanda mizani, akatafuta wa kumshikia mtoto, akaniona mimi nina wangu mgongoni akaona huyu anafaa. Akanipa. Hajui mimi ni nani. Aliniambia, "Shika kichwa vizuri, dada, ndiye huyu tu niliye naye." Nikashika. Alipomaliza akanishukuru, akamchukua, akaenda. Nilitamani ungekuwepo, sio ili uone aibu. Nilitamani tu ungekuwepo umshike wewe.

Bibi sijamwambia. Ameniuliza mbona siku hizi barua zako sizisomi kwa sauti, nikamwambia macho yananiuma. Ukija mwambie mwenyewe, au usimwambie, hiyo ni juu yako na mama yako. Gari la Bonge lilete au uliache, mtoto hana kosa na wewe.

Mwisho wa mwezi njoo. Umesema tutakaa, tutaongea, tutacheka. Mlango utaukuta wazi, chakula kitakuwa mezani, Bibi atakuwa amevaa vizuri. Mimi nitakuwa kazini.

Mtunza seva,
kliniki ya uzazi